Ubao Niliokununulia Houston

Nekesa mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko juu chumbani, unavuta zipu ya lile sanduku jekundu, inakwama, unaivuta tena, na mama yako anakwambia kwa mara ya tatu upunguze viatu. Mimi niko huku chini gereji, nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, na feni inanipulizia joto la Agosti usoni. Niliwaambia nakuja kutafuta spana. Spana nimeipata zamani. Iko hapa mbele yangu, imeikalia karatasi isipeperuke.

Mambo ya kila siku nimemwachia mama yako. Yeye ni nesi, amezoea kutoa maagizo kwa mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani, na najua umeshapewa orodha yako: dawa za mafua, unga wa ugali, kanisa lipi huko Denver lina Wakenya, usimfungulie mtu mlango kabla ya kuchungulia. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuandikia juu ya ubao.

Unajua ubao gani. Umening'inia ukutani juu ya kichwa changu, kati ya ngazi na baiskeli yako ya utotoni, mweusi, na lile joka la kijani lililotoa ulimi. Ni mwaka wa pili sasa unaupita kila ukienda kufua nguo, na hujawahi kusema neno baya juu yake. Hilo ndilo linalonisumbua, na nitakueleza kwa nini, ila niache nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka ule mwaka wa barafu, umeme ulipokatika tukalala sote watatu kitanda kimoja tumevaa makoti? Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Tulikuwa tumehama Houston miezi michache tu kabla ya hapo, na hapa DeSoto, pembeni mwa Dallas, hukuwa na rafiki hata mmoja. Ulikuwa unakula, unasoma, unalala, ukiulizwa kitu unajibu "fine." Asubuhi ile ulichukua kifuniko cha lile boksi la plastiki la mapambo ya Krismasi, ukatoka nacho mpaka kwenye mteremko wa mtaro nyuma ya nyumba, ukasimama juu yake. Ukateleza hatua kama tano, ukaanguka. Ukarudi juu. Mimi nilikuwa dirishani na blanketi mabegani, nawaza mabomba yatapasuka saa ngapi, nikakusikia unacheka peke yako. Nilikuwa nimesahau unavyocheka. Nikasahau na mabomba.

Miaka miwili baadaye vijana wa kanisa wakakodi van mbili wakaenda milimani New Mexico, mwezi wa tatu shule zilipofungwa. Huko ulikodi ubao halisi wa kutelezea kwenye theluji, ukaanguka siku mbili nzima. Uliporudi ulikula ugali umesimama kwa sababu kukaa hukuweza, na huku unatafuna ukasema, "Dad, I found my thing." Mama yako akauliza kama hicho kitu kina bima. Mimi neno lako nililisikia, na nataka ujue kwamba nililisikia. Nikaanza kutafuta.

Njia yangu unaijua: Dallas kwenda Houston, Houston kurudi Dallas, mara tatu kwa wiki, lori limejaa mafriji ya watu. Desemba ile nikaona tangazo kwenye simu, jamaa mmoja wa Katy, pembeni mwa Houston, anauza ubao wake wa theluji na buti za mkewe. Nikashusha mzigo, nikaenda. Alikuwa jitu la mtu, ananiinamia kuzungumza nami. Akauliza kama ubao ni wangu. Nikamwambia hapana, ni wa binti yangu, ndiyo anaanza. Akautazama ubao, akanitazama, akasema kwa upole kwamba huo ni ubao mkubwa sana kwa mtu anayeanza.

Nikamjibu, "Atakua."

Nekesa, ulikuwa na miaka kumi na minane. Ungekua kuelekea wapi?

Lakini ndivyo tulivyolelewa sisi, na ndivyo tunavyonunua. Kitu cha mtoto hununuliwa kikubwa ili kimngoje. Niliugonga ule ubao kwa vifundo vya vidole kama mtu anayepima mlango. Nikajaribu kuupinda kwenye goti, haukupinda, nikafurahi: huu ni mgumu, huu hautavunjika, huu atakuwa nao miaka kumi. Buti zilikuwa zimeuzidi mguu wako namba mbili. Hilo halikunitisha hata kidogo. Njiani nilipita dukani nikakununulia soksi nene jozi nne, uwe unavaa mbili mbili. Nilijiona mjanja. Jioni ile niliulaza ubao kwenye kitanda cha lori nyuma ya kiti changu, nikaufunika na blanketi yangu usikwaruzike, na mimi nikasinzia nimekaa kwenye usukani kama mlinzi.

Siku ya Krismasi mama yako alikuwa ameufunga kwa rolo mbili na nusu za karatasi. Ukaufungua, ukausimamisha kando yako, na ncha yake ikakupita utosi. Niliona uso wako umetulia kidogo, nikadhani ni furaha imekulemea. Ukanikumbatia ukasema, "It's perfect, Dad." Nikatembea na maneno hayo mpaka mwaka mpya. Kila dereva niliyekutana naye pale tunapojaza mafuta alisimuliwa juu ya ubao wa binti yangu.

Mwezi wa tatu mkarudi milimani. Siku ya kwanza, saa nane mchana, nilikuwa nimekaribia Huntsville simu ikalia: umevunjika mkono. Baada ya kuhakikisha uko hai, unakumbuka nilikwambia nini? Mimi nakumbuka kila neno. Nilisema, "Nilikwambia uwe makini. Unakimbiliaga nini wewe?" Na wewe, na mkono umefungwa kwenye kipande cha kadibodi, ukaniomba msamaha. "Sorry, Dad. I wasn't paying attention."

Miezi miwili na plasta. Pasaka ile kinanda cha kanisa kilipigwa na mtu mwingine, nawe ukaimba safu ya nyuma. Mama yako alikuosha nywele kila Jumamosi. Ubao ukapanda ukutani, mwaka uliofuata van za vijana zikaenda bila wewe, ukasema una mtihani. Na mimi hadithi hiyo niliigeuza kichekesho. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye vikao vya kina baba, kwa wageni waliokuja kunywa chai: binti yangu ana haraka, nilimnunulia ubao wa kitajiri akauvunjia mkono siku ya kwanza. Watu walicheka, na wewe ulicheka nao, ukiwa umeshika sinia ya chai.

Sasa njoo Jumapili iliyopita, chakula cha kukuaga. Wageni wameondoka, wewe umelala kidogo, mimi naosha vyombo na rafiki yako Furaha, yule Mkongo mliyekwenda naye milimani, anapangusa. Namheshimu sana yule mtoto. Anafanya kazi ghala usiku, analea wadogo zake kule Vickery Meadow, na bado alipanda treni na basi kuja kukuaga. Nikataka kumchangamsha. Nikamwambia, unajua huko Denver milima iko mlangoni, sijui kama Nekesa na haraka zake atarudi na mikono miwili.

Hakucheka. Akaweka sahani chini.

"Papa Nekesa, haikuwa haraka."

"Ilikuwa nini?"

"Ile planche ilikuwa murefu sana kwake. Haikuwa inageuka. Na ile bote, mguu yake ilikuwa inaenda mbele, inarudi nyuma, mule ndani. Tulimuambia akodi ingine, akakataa."

Nikamuuliza kwa nini ulikataa. Furaha akaangalia mlango kwanza, kama mtu anayevunja ahadi, na kweli alikuwa anaivunja.

"Alisema papa yake aliitoa Houston mu lori. Alisema, siwezi kuiacha mu van. Na akatuambia tusikuambie."

Nilimaliza kuosha vyombo, sijui niliviosha vipi. Usimkasirikie Furaha. Mtu wa kukasirikiwa katika hadithi hii yupo, na si yeye.

Jioni hiyo ndipo nilipolikumbuka koti. Lile la bluu, la baridi, nililokuletea wiki mbili zilizopita. Uliingiza mikono, ukageuka mara moja mbele ya kioo cha sebuleni, ukasema, "It's perfect, Dad." Sauti ileile.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nilipoingia Form One, babu yako alininunulia viatu vyeusi pale Bungoma mjini. Mguu wangu ulikuwa namba saba, viatu vilikuwa namba tisa. Muuza duka alimwambia ni vikubwa, babu yako akajibu unajua alijibu nini. Akavishindilia magazeti mbele, akanifunga kamba mwenyewe, nikapanda gari la shule. Vilipiga kelele kwenye veranda ya bweni hadi wakanipa jina, Trekta, na jina hilo lilinifuata miaka minne. Kelele nilizizoea. Visigino havikuzoea. Kufikia katikati ya muhula soksi zilikuwa zinaganda, nikivua ngozi inatoka nazo.

Siku ya wazazi kutembelea, babu yako akaja na kuku wa kuchemsha na chapati kwenye kitambaa. Kabla ya kunisalimu vizuri alivitazama viatu. Akauliza, "Viko sawa?"

Nikasema, "Viko sawa, Baba."

Akanipiga bega, akafurahi kweli. Akamwonyesha mzazi aliyekuwa karibu: ona, vitamfikisha Form Three hivi. Tulikula kuku, na mimi kisigino kinanipwita, na nilikuwa nimejaa fahari kwamba nimemfurahisha baba yangu. Alifariki miaka mingi baadaye akiamini vile viatu vilikuwa baraka. Siku zote nilidhani siku ile nilimheshimu. Labda nilimheshimu. Lakini babu yako hakuwa mtu mkatili, Nekesa. Ningemwambia ukweli, angevibeba kwapani akarudi mjini kwa miguu siku hiyohiyo akabishane na yule muuza duka. Sikumpa nafasi ya kunifanyia hivyo. Na hilo la kusema kiko sawa wakati kinauma, sikumbuki kukufundisha. Umelichota tu humu ndani ya nyumba, kama ulivyochota kupenda pilipili.

Jumanne sikuwa na mzigo. Nikaenda duka la vifaa vya theluji hapo Dallas, nje lami inanata kwenye viatu, ndani wametundika makoti na glavu. Nilikuwa na mpango: nikununulie ubao unaofaa, nikupe kesho ukiondoka, dhambi yangu iishe. Akanihudumia msichana wa makamo yako, ana kovu kidevuni na sauti ya taratibu. Nikamwambia nataka ubao wa binti yangu, anayeanza, tena safari hii mzuri.

Akauliza una uzito gani. Nekesa, mimi najua uzito wa lori langu kwenye kila ekseli, likiwa tupu na likiwa limejaa. Uzito wa binti yangu sikuujua. Akauliza namba ya kiatu, nikamtajia, kisha nikakumbuka kwamba hiyo ni namba ya miaka miwili iliyopita na hata wakati ule sikuiheshimu. Akauliza unatanguliza mguu gani. Sikuelewa. Akaniambia nisimame kwenye zulia miguu pamoja, akapita nyuma yangu akanisukuma kidogo mgongoni, na mguu wangu wa kushoto ukatangulia wenyewe kunizuia nisianguke. "Basi wewe ni wa kushoto mbele," akasema. "Na yeye?" Sijui. Anapenda kwenda kasi au kugeuka polepole? Sijui. Mara ya mwisho aliogopa nini?

Hilo la mwisho nililijua, ila nililijua tangu Jumapili tu. Nikamsimulia yote, ubao, soksi, plasta. Hakunihukumu. Aliinama akatoa ubao mfupi, akaupinda kwa mikono miwili na ukapinda kweli, akaniambia nijaribu.

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Watu husema ubao ukisimamishwa ukufike kati ya kidevu na pua, na hiyo ni njia ya haraka ya kukisia, lakini kinachopimwa hasa ni uzito wa mtu. Ubao hutengenezwa upinde chini ya mwenyewe. Yule jamaa wa Katy ni mtu wa kilo mia na zaidi, ubao wake ulikuwa unamngoja yeye. Chini yako haukuinama hata kidogo, ukaenda ulikotaka. Hapo nilitaka kujipiga kofi, maana mimi dereva ningepaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote. Trela likiwa tupu, springi zake ni ngumu mno kwa wepesi wake, linarukaruka na breki hazishiki vizuri. Nilikupandisha kwenye trela tupu nikakusukuma mlimani.

Kwa anayeanza, alisema, utafute ulio laini, mfupi kidogo, uliolingana ncha zote mbili, usio na mbonyeo mkali chini, ili kingo zake zisishike theluji kwa ghafla na kukubwaga. Upana utokane na mguu wako: vidole na kisigino vifike kwenye kingo, visining'inie nje. Na kabla ya ubao, buti. Hapo alirudia mara mbili. Buti ndiyo ya kwanza. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke hata ukijaribu. Soksi moja, nyembamba. Nikauliza, je, mtu akivaa mbili? Akanitazama vile mama yako hutazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya jirani.

Kisha akasema kitu ambacho sikutarajia kwa mtu anayelipwa kuuza. Akasema, usimnunulie. Mwache akodi mara mbili, tatu, mbao tofauti, ajue mwenyewe anapenda nini. Halafu aje hapa, au aende duka lolote huko aliko, ajisemee.

Nikatoka mikono mitupu. Nilikaa kwenye gari na injini inanguruma, nikalia kidogo, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Maana si ubao tu. Mwaka mzima ulisomea unesi kwa sababu mimi nilisema mama yako ni nesi, shangazi zako ni manesi, kazi haikosekani, atakua ndani yake. Kila nilipouliza ulisema, "It's going okay." Mpaka mama yako alipotoka kazini akakukuta kwenye gari nje ya nyumba, umekaa saa nzima unashindwa kuingia. Na ulipopata nguvu ya kusema unataka kwenda Denver kusomea maji, mito, theluji inavyoyeyuka na kwenda wapi, mimi nikafanya mzaha mezani. Nikasema maji yanasomewa nini, yanafunguliwa bomba tu. Ulicheka. Nisamehe kwa kicheko hicho ulichonipa bure. Nimekuwa nikisoma kidogo kwenye simu nikingoja kupakuliwa mizigo, na sasa najua kwamba kuna watu huenda milimani kupima theluji ili mji ujue utakunywa nini kiangazi. Ni kazi ya maana. Nimeanza kuwasimulia wale madereva.

Kwa hiyo nenda mlimani, mwanangu. Usiniogopee mimi, na usiuogope mlima kwa sababu ya kosa langu. Ulianguka ukiwa umebeba kitu kisicho chako. Mwambie anayekodisha kwamba unaanza, kwamba uliwahi kuvunjika mkono, na kwamba unataka ubao unaopinda. Uliza kama wana vile vikinga vya viganja na helmeti, uvivae hata wenzako wakikucheka. Buti ikikubana vibaya mwambie alete nyingine, na hiyo ikikataa, alete ya tatu. Usimwonee huruma, hiyo ndiyo kazi yake. Hili joka la kijani halisafiri nawe. Nikimaliza kuandika nitalishusha ukutani, nilitafutie jitu lingine la mtu.

Ninachokiogopa hasa nikuambie wazi. Siku moja huko Denver kitu kitakuuma. Sijui kitakuwa nini, chumba, kazi, mtu unayempenda, masomo yenyewe. Nitakupigia nikiwa barabarani, nitauliza uko sawa, utasema "I'm good, Dad," nami nitafurahi kama babu yako alivyofurahi, nikate simu, niwashe redio, niendelee na Houston yangu. Na wewe utabaki na soksi iliyoganda. Siwezi kuvumilia wazo hilo. Nimelibeba tangu Jumapili, ni zito kuliko mafriji yote.

Ukiniambia kitu nilichokupa hakikufai, nitanuna. Najijua, sitakudanganya. Nitanuna kutoka Dallas mpaka Corsicana. Lakini nikifika Huntsville nitakuwa nimekwisha kununa, na kabla ya Houston nitakuwa nimeshakupigia kukuuliza tufanyeje. Nipe hizo saa chache tu. Nakupenda kuliko ninavyopenda kuwa sahihi, hata kama miaka kumi na tisa hii umeona kinyume chake.

Nimesikia zipu imefunga. Mama yako amekushinda, viatu vimepungua. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako kabla ya chakula, na pale mezani usiniambie kwamba umeisoma, maana nitashindwa kumeza.

Ila kesho asubuhi, kabla hatujabeba masanduku, nitakuletea lile koti la bluu ulivae mbele yangu na mama yako. Mikono yake inakufunika mpaka ncha za vidole. Niliona siku ileile, nikajifanya sikuona. Risiti iko kwenye mfuko wa kulia. Nitasimama pale mlangoni nikuulize, kama kawaida yangu, "Linakutosha?"

Tafadhali, Nekesa. Sema hapana.

Baba yako